Springi Iliyopimwa kwa Kitambi

Mwanangu alishonwa nyuzi tatu kidevuni, na kila aliyekuja kumjulia hali alinitazama mimi. Mama mkwe alisema pikipiki si chombo cha mwanamke. Bwanangu, katoka zamu bandarini na buti hajavua, alisema kwa upole wa kunihurumia, mtoto akisikia: "Mikono yako myepesi. Hukuikamata."

Nami sikuwa na hakika. Labda kweli ni mimi niliyemwangusha.

Tulianguka Mji wa Kale, kwenye kona ya kabro, matofali ya njia, zilizolainika kama sahani, asubuhi ya manyunyu, nikimpeleka chekechea. Sikwenda mbio. Nyuma kuliruka, tairi likateleza, tukawa chini sote, yeye kafungwa mgongoni kwangu kwa leso. Baada ya hapo akiiona pikipiki chini ya fleti yetu mtaa wa Tudor, mtoto hushika kidevu. Tukawa tunakwenda kwa miguu, na njia nzima mimi naiendesha ile kona kichwani.

Lakini nilifika kidato cha nne. Sikutoka na alama za kujivunia, ila somo la springi lilinikaa. Alasiri moja nikakaa juu ya kiti cha pikipiki, nikajibonyeza. Springi ya shoki ya nyuma haikushuka hata unene wa kidole. Nikajitupa kwa nguvu, ikanirusha. Springi isiyoshuka ni gongo tu: kila tuta lalinyanyua gurudumu, na gurudumu lililo hewani halishiki kitu.

Nikaenda kwa fundi nyuma ya soko la Marikiti, yule aliyeifanyia pikipiki servisi na kuitia tairi jipya kabla hatujaanguka.

"Karibu mama. Bwana hakuja?"

"Bwana haendeshi hii. Shoki za nyuma umezikaza mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho!" Kwa fahari kabisa. "Zote natia mwisho. Watu wabeba abiria watatu na gunia juu."

"Mimi nabeba mtoto wa miaka minne."

Waendeshaji bodaboda waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema, "Mpakie na gunia, dada, itatulia!"

Fundi akachukua ufunguo mkononi mwangu bila kuniuliza, akapanda, akazunguka soko, akarudi. "Haina neno. Imetulia kama kitanda. Ni mkono tu, mama. Utazoea."

Nilikuwa nimemtazama akipanda. Alipokaa yeye, springi ilishuka. Damu ikanipanda.

"Una kilo ngapi wewe?"

"Haya ni maswali gani, mama?"

"Wawili kama mimi waingia humo ndani na nafasi yabaki! Umeipima kwa kitambi chako, kisha waniambia mkono!"

Benchi likamgeukia yeye. "Umepatikana leo, yakhe!"

Sikucheka. Nikavuka sokoni, nikarudi na viazi kilo kumi na tano, uzito wa mwanangu, nikavifunga nyuma ya kiti, nikaipanda pikipiki na buibui langu mbele ya wanaume wote wale. "Legeza nikiwa hapa hapa." Akasema hajawahi kupima na mwenye chombo amekaa, watu huacha pikipiki wakaenda zao. Nikamwambia ndiyo maana. Akainama, akazungusha pete ya chini ya springi kwa spana, hatua moja, ya pili, ya tatu, upande huu na ule. Chombo kikashuka vidole viwili, kikatulia.

"Sasa tairi. Libadilishe."

"Hilo la meno makubwa haliishi, mama!"

"Ni la njia za udongo. Mji wa Kale una udongo wapi?" Nilikuwa nimelibonyeza kwa ukucha, gumu kama kwato. Nikachagua jingine lenye mifereji ya kutoa maji na mpira laini. Akanionya litaisha mapema. Na liishe. Upepo pia alitaka kuujaza mpaka tairi lilie kama ngoma. Nikamwonyesha kibandiko cha kiwanda, kipimo kimeandikwa, hapo hapo karibu na mnyororo anaoutia grisi kila siku.

Nikaiendesha mpaka kwenye ile kona peke yangu. Mtu alikuwa amemwaga maji ya kuosha baraza, kabro zang'aa. Nikapita. Nikarudi nikapita kwa kasi zaidi, mara nne. Tairi lilishika. Nikasimama ukutani nikalia, na si kwa furaha. Nililia kwa siku zote zile nilizoamini kwamba ni mimi.

Bwanangu nilimweleza kila kitu. Akatikisa kichwa. "Kumbe shoki."

"Usiniambie kumbe shoki. Sema si mimi."

"Haya, si wewe."

"Mwite mtoto kwanza. Mbele yake ulisema mikono, mbele yake utaifuta kauli hiyo."

Akachuchumaa, akamshika mabega. "Mama hakukuangusha."

Mtoto akamkazia macho. "Basi nani?"

Bwanangu akanigeukia nimsaidie. Nikaingia jikoni nikaviosha viazi.