Jiko la Kioo Lisilounguza Mtu

Dukani Somanda nilioneshwa majiko mawili, la gesi na la umeme la kioo. "Dada, hili la kioo linapasha sufuria za chuma tu, za alumini hapana," muuzaji akaniasa. Nikamkata kauli: gesi ni ya washamba, nifungie la kioo! Nilitaka kumkoga mama mkwe anayekuja kutoka Sapiwi.

Alipofika, nikabandika maji ya ugali kwenye sufuria yangu ya alumini. Jiko likalia pii, pii, taa zikawaka na kuzima. Nikadhani linapika, kumbe linalalamika.

"Mayu," nikamwita mama mkwe kwa Kisukuma, "hili la kisasa, haliunguzi mtu. Gusa uone!"

Mama mkwe akagusa kioo. Kisha akazamisha mikono yote kwenye sufuria, akanawa taratibu.

"Kweli mwanangu, haliunguzi. Nimeshanawa, lete ugali."