Mkwe Aliyeingia Chumbani kwa Kompyuta

Obedi Malimi alipokuja kwetu Buhongwa kuchumbia, mwaka tisini na nane, alikuja na tai. Jua la saa nane, vumbi la barabara ya Shinyanga, na yeye kajinyonga na tai. Nilimchungulia dirishani nikajiuliza mwanangu Rose ameona nini.

Si kijana mbaya. Baba yake alikuwa fundi kwenye kinu cha pamba mpaka walipopunguzwa, na tangu hapo familia yao nzima ikawa ya kubahatisha. Obedi aliuza mitumba Makoroboi, mjini Mwanza, akaacha. Akaingia kiwanda cha minofu ya sangara, akaacha, akisema harufu inamfuata hadi kanisani. Akashika kamera ya video kwenye harusi za watu. Kwenye harusi ya jirani yetu aliipiga picha keki muda mrefu kuliko bibi harusi. Mwisho akaangukia dukani kwa Anil, aliyekuwa ameleta kompyuta za kuchapia kadi za mialiko. Akajifunza pale, na baada ya miezi michache akawa anaitwa mtaalamu.

Posa tuliipokea hata hivyo. Rose alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita, na usingizi wangu ulikuwa umeanza kupungua. Kwetu Wasukuma, posa ikishapokelewa kijana ni mkwe. Akinikuta njiani ananipisha. Haniangalii usoni, hanipi mkono, na mahali ninapolala hapakanyagi kabisa. Hata nyumba ikiungua atamwita mtu mwingine aniokoe. Obedi aliyashika hayo vizuri. Kunipisha alikuwa ananipisha mpaka anatumbukia mtaroni.

Mwaka uliofuata ukaja mradi. Wasomi kutoka Dar, na pesa za wafadhili, walitaka kuwaonyesha wananchi nyumba za zamani ambazo hazipo tena. Si kuzijenga, maana hiyo ingekuwa kazi ya kueleweka. Miti ipo na nyasi zipo. Walitaka kuzitengeneza ndani ya kompyuta, halafu watu wakae kwenye viti mjini watembezwe ndani yake. Mkubwa wa mradi, bwana mmoja anayening'iniza miwani shingoni, akamchukua Obedi kwa kazi hiyo.

Nyumba waliyoichagua ilikuwa yangu. Msonge nilimokaribishwa nilipoolewa na Masele, kule nyuma ya Kisesa: ukuta ndani ya ukuta, ndama na moto upande wa nje, chumba changu katikati. Tulipohamishiwa kijijini mwaka sabini na nne uliezuliwa tukiwa tumesimama tunaangalia. Obedi hakuweza kuniuliza mwenyewe, basi kila jioni Rose alinijia na maswali yake: mlango ulitazama wapi, mtungi ulikaa wapi. Nilimjibu yote. Nilijua wanachora picha.

Siku ya kuonyesha tulikwenda ukumbini mimi, Rose na wifi yangu Mhoja. Watu walijaa. Mashine ilirusha nyumba yangu ukutani, kubwa, na mkubwa akasimama mbele.

“Ndugu zangu,” alisema, “leo hamtaangalia picha. Leo mtaingia ndani.”

Obedi akakaa, akashika kile kidude cha kuburuza mezani wanachokiita mausi. Nyumba ikasogea. Tukapita mlango, tukapita ndama, ambao walikuwa wamenona kuliko ndama wowote tuliowahi kufuga. Kisha mkwe wangu akasema kwa kujivuna kwamba sasa anaingia chumba cha mama wa nyumba. Akaingia. Akazunguka kitanda changu mara mbili, watu wakitazama.

Mhoja alijifunika khanga usoni. “Wifi,” akaniambia, “huyu ameingia.”

Tukatoka.

Jioni Obedi alimtuma Rose aombe radhi. Alisema ni picha tu. Nikamjibu Rose: “Kamwambie, kama ni picha tu, mkubwa wake amewadanganya watu wa Mwanza. Kama si picha, ameingia ninapolala. Achague moja, na asipochagua posa yao nitairudisha.”

Kesho yake mkubwa mwenyewe alikuja na gari kunielimisha. Alieleza muda mrefu, huku miwani ikiruka kifuani, kwamba ile nyumba haipo mahali popote duniani.

“Haipo,” Mhoja akamwambia, “lakini mkwe wetu kaonekana ndani yake.”

Masele, ambaye huwa haongei, akasema kosa la namna hiyo hutolewa mbuzi. Mkubwa akacheka, akauliza kama mbuzi wa kuchora atafaa.

“Amchore,” Mhoja akasema. “Na wewe bwana utakunywa mchuzi wake.”

Hakucheka tena. Akaondoka akisema Jumamosi wafadhili wanakuja, na Obedi akishindwa kuonyesha nyumba yote, kazi hana. Rose akaja kuniangukia akilia. Mimi nililia baadaye, chooni, asinione. Nani anataka kuvunja posa ya mwanawe? Lakini mtu anayeniheshimu barabarani tu, halafu akikaa mezani ananisahau, nitampaje mtoto?

Jumamosi nilikwenda, nikakaa nyuma kabisa. Wafadhili walikuwa mstari wa mbele wakijipepea. Obedi aliwapitisha mlangoni, akawaonyesha ndama na moto. Alipofika mlango wa chumba changu akaachia mausi, akasimama.

“Mimi naishia hapa,” alisema. “Chumba hiki ni cha mama mkwe wangu.”

Akamkabidhi Dorotea, mchapaji wao, Mkerewe asiye ndugu yetu. Obedi mwenyewe akaenda dirishani, akaupa mgongo ukuta wenye picha, akawa anatazama baiskeli nje. Mkubwa alimwita kwa sauti ya chini. Hakugeuka.

Dorotea masikini hakuwa anaiweza ile kazi. Aliwaingiza wageni kupitia ukutani, akawagonga kwenye kitanda, akawatoa juu kwa paa. Watu walicheka sana. Nikamwona Obedi akivisokota vidole nyuma ya mgongo, maana ilikuwa kazi yake ya miezi inayoharibiwa, na angegeuka kidogo tu angemwelekeza. Akabaki na baiskeli zake mpaka Dorotea akasema wameshatoka. Wafadhili walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mkubwa naye, alipoona hivyo, akapiga makofi kuliko wote.

Mbuzi aliletwa wiki hiyohiyo, mbavu zote zinahesabika. Kazi ya Obedi bado naiona ya kijinga, mtu mzima kutwa kuezeka nyumba isiyozuia mvua. Lakini nilimwambia Masele awaite kina Malimi waje tupange siku ya harusi, na usiku huo nililala.