Maneno Yaliyokuwa na Wenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Merti, msimamizi wa elimu ya watu wazima alinikabidhi boksi la chaki na kitabu kimoja cha Kiingereza kilichong'oka jalada. Wanafunzi wangu walikuwa wachungaji, wapakiaji wa malori na akina mama wauza chai, watu waliokosa shule utotoni. Watu waliyaita madarasa hayo ngumbaru.

"Usiwapigie kelele," msimamizi aliniambia. "Mtu mzima akikasirika atakugombeza, na kesho atarudi. Akikuaga kwa adabu sana, huyo umempoteza."

Kitabu kimoja hakikuweza kupita mikono yote. Nikakumbuka duksi, chuo cha Kurani nilikosomea nikiwa mdogo. Maalimu wetu alituonyesha kwamba kitabu, katibu na maktaba ni ndugu. Ondoa irabu na viambishi, utabaki na k, t na b, na maneno yote matatu yana habari ya kuandika. Nilijiuliza kama Kiingereza nacho kina koo za maneno. Kinazo, ingawa si kila mahali. "Two" ni mbili, "twin" ni pacha, "twice" ni mara mbili, "twelve" ni kumi na mbili, "twenty" ni makumi mawili, na "between" ni katikati ya viwili. Yote yana t na w zilizoshikana, na ndani ya kila moja mna habari ya mbili. Vivyo hivyo "sign" ni alama, "signal" ni ishara, "signature" ni sahihi ya mtu. Nilisema alhamdulillahi kama mtu aliyeonyeshwa kisima.

Basi nikampa kila mwanafunzi neno lake. Mwenye neno alilazimika kuliandika, kulitamka na kueleza maana yake, na asiyelijua alimwendea yeye, si mimi. Wachungaji walilielewa jambo hilo upesi kuliko nilivyotazamia. Mmoja wao, alipokuwa anahama kutafuta malisho, alisimama darasani akamkabidhi jirani yake "twelve", kama mtu anavyomwachia jamaa ng'ombe wa maziwa.

"Ulitunze," alisema. "Nikirudi nikute limenenepa."

Baadaye nilihamishiwa Isiolo mjini, mtaa wa Bulla Pesa. Huko nilifundisha wafanyabiashara, na tulikutana baada ya swala ya alasiri katika chumba cha kukodi. Afisa wa elimu wa hapo hakuupenda mtindo wangu.

"Mwalimu, neno ni la kila mtu," alisema. "Andika ubaoni, wanakili, basi."

"Ndiyo, bwana afisa. Nipe hadi mwisho wa muhula."

Alinipa.

"Twice" lilikuwa la Mama Halima, Mborana aliyeuza maziwa ya ngamia. "Between" lilikuwa la Mama Kendi, Mmeru aliyeuza miraa. Meza zao sokoni zilipakana, na darasani walikaa benchi moja, Mama Halima akianza utani na mwenzake akijibu.

"Mama Kendi, hayo majani ni ya watu ama ya mbuzi?"

"Ni ya watu. Lakini wewe ukitaka, nitakuuzia."

Kisha wakagombania kivuli. Mama Kendi alisogeza turubai lake lililowakinga wote wawili, maziwa ya mwenzake yakapigwa na jua yakaharibika. Waliosimama pembeni wakaongeza maneno ya kabila, na ugomvi wa turubai ukawa mkubwa kuliko turubai. Darasani wakahamia pembe mbili, na wenzao wakawafuata, kila upande na watu wake. Hakuna aliyemuuliza mwingine neno. Jioni waliniaga mmoja mmoja, kwa adabu sana, nami nikaogopa. Darasa lilikuwa linakufa mbele ya macho yangu.

Alasiri moja Mama Kendi alinisubiri nje ya msikiti wa mtaa wa Wabera, akiwa na chupa ya dawa. Mwanawe mdogo alikuwa na homa ya kifua.

"Habari, mwalimu. Kwa duka la dawa walinieleza mbio mbio, nikasahau. Hapa nasoma one, nasoma spoon, nasoma day. Hili lingine nimeliona kwa darasa, lakini si langu."

Nilitazama. Lilikuwa "twice". Dawa ya mtoto si jambo la mchezo.

"Mama, leo sheria ya darasa tuiweke kando. Hilo ni..."

"Usiniambie!" Aliificha chupa ndani ya leso. "Lina mwenyewe."

"Lakini mmekosana."

"Si ndio maana nimekuja unisindikize?"

Tukaenda. Njiani nilijizuia nisilitaje lile neno. Kwenye mlango wa mabati wa Mama Halima alipiga hodi kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Ni mimi. Mtoto ni mgonjwa. Nimekuja kuuliza neno lako, lile la twice. Liko kwa dawa."

Nikaomba dua moyoni.

"Ni mara mbili," sauti ikajibu. "Asubuhi na jioni. Na wewe umepiga hodi mara moja tu."

Mama Kendi alicheka huku machozi yakimtoka, akapiga hodi tena. Mlango ukafunguka. Mama Halima alikuwa ameshajitanda mtandio.

"Mtoto umemwacha na nani, wewe mwanamke? Twende!"

Wakaondoka wawili kwa haraka, wakanisahau pale mlangoni.

Mtoto alipona kwa rehema za Mungu. Benchi lao likarudi mahali pake, na wengine wakawafuata kama walivyowafuata katika kununa. Mwisho wa muhula bwana afisa alikuja, akakaa nyuma akiwasikiliza wanavyoulizana na kutaniana, akaondoka bila kutaja ubao. Niliendelea na darasa hilo mpaka nikastaafu.

Siku hizi simu hutoa maana ya neno lolote papo hapo, na hiyo nayo ni neema. Lakini walimu vijana wakinitembelea, huwaeleza kwamba somo ninalomshukuru Mungu kwalo zaidi ni lile nililokatazwa na Mama Kendi kulisema. Tangu siku ile, mwanafunzi aliponiuliza neno ninalolijua, nilimeza jibu nikamwonyesha wa kumuuliza. Na nilipojua wawili hao wamekosana, nilivaa viatu nikamsindikiza.