Friji ya Kuazima

Wifi yangu ni fundi cherehani. Tangu kaka yangu afariki, mimi naishi naye na wanawe katika chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Huyu ni mwanamke anayegombana na mteja mpaka mteja mwenyewe anaomba radhi. Lakini mwezi ule, akisikia viatu kwenye ngazi tu, mkono unamganda juu ya kitambaa. Mwenye nyumba alishasema kodi ikikosekana tena, tutoe vyombo. Nami niliogopa, sijidai. Nilikuwa nalala nikiwaza watoto tutawapeleka wapi.

Tumaini letu lilikuwa ofisi ya msaada wa kodi ya nyumba, tulikopeleka maombi. Asubuhi moja wakapiga simu: mkaguzi anakuja mchana kuona mnavyoishi.

"Atuone hivi?" wifi akaniuliza, macho yamemtoka. "Atasema hawa si watu wa kupangishwa."

Sasa sisi ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akija unatandika shuka la sandukuni na kuficha ndoo inayokinga maji ya darini. Majirani walipopata habari, wakatujazia vitu kama tunaozesha. Seremala wa chini akaleta makochi. Mwenye saluni akaleta mapazia. Muuza soda, tunayemwita Baba Baridi, akapandisha friji yake huku anahema.

"Akiondoka tu naichukua," akasema. "Soda zangu zinachemka huko."

Mikeka ya kulalia tukaisukumia uvunguni mwa meza ya cherehani. Chumba kikapendeza, nami mjinga nikafurahi.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, kalamu mkononi. Akaketi kwenye kochi la seremala, akatazama mapazia, akatazama friji.

"Hii yako, dada?"

"Yangu," wifi akajibu haraka, jasho linamtiririka.

"Na makochi?"

"Yangu pia."

Kalamu ikaandika. Hapo ndipo nilipozinduka. Mtu mwenye friji na makochi anasaidiwa kodi ya nini? Nikamkanyaga wifi mguu, akanikata jicho. Nikanyamaza, maana kumuumbua mke wa kaka yangu mbele ya mgeni nilishindwa. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na sisi tulikuwa tumeuficha kweli kweli.

Mkaguzi akaaga, akasema anashuka kumwona mwenye nyumba, kisha anakwenda zake. Mlango ulipofungwa, wifi akakaa chini kwenye sakafu.

"Nimewatoa watoto nje," akasema. "Nimewatoa kwa mdomo wangu."

Baba Baridi naye hakungoja hata tupumue. Akaja na seremala, wakabeba friji, mlango wazi, wanasukumana na kulaumiana kwenye ngazi. Mara kimya. Nikachungulia. Mkaguzi alikuwa amesimama katikati ya ngazi, anapanda, na friji inashuka.

"Mwenye nyumba hayupo," akasema taratibu. "Nimerudi kuuliza anapatikana lini. Hii inakwenda wapi?"

"Kwangu, mama," Baba Baridi akajibu. Atajibu nini tena?

Mkaguzi akawapisha, akaingia. Nilidhani wifi atalia, au atadanganya tena. Badala yake akapiga magoti, akavuta mikeka kutoka uvunguni, akaanza kuitandika mmoja mmoja mbele ya yule mama.

"Watoto wanalala hapa. Mimi hapa. Wifi yangu pale mlangoni, mvua ikinyesha anahamia kwangu." Akamwinulia macho. "Niliogopa, mama. Niliogopa ukiona tulivyo, utatukataa."

"Nilikuja kuona hivyo hivyo, dada."

Akaichana karatasi aliyoandika. Kochi lilikuwa bado lipo, lakini hakulikalia. Akavua viatu, akaketi kwenye mkeka wa watoto, akafungua karatasi mpya.

"Siahidi kitu," akasema. "Haya, nianzie wapi?"

Wifi akanishika mkono, wake baridi kama wa mgonjwa, akaanza kusema ukweli.