Nilijua "ng'ombe" kwa lugha tano za Ulaya, nikakwama kwenye zizi la baba yangu

Wakuu, heshima kwenu. Hili lilinikuta mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Miaka ya sabini mwishoni nilirudi Shinyanga na diploma ya mifugo kutoka Denmark. Mtoto wa mchunga ng'ombe, sikubebwa na mtu. Kijiji kizima hakuna aliyenifikia.

Nikapeleka posa Runzewe, kwa Mzee Masanja.

Kwa desturi yetu, upande wa binti huja zizini kwenu kuchagua ng'ombe wa mahari. Baba alishafariki, kwa hiyo wa kuwaonyesha nilikuwa mimi.

Mzee akanyoosha fimbo. "Yule mnamwitaje?"

"Wa kahawia, baba."

"Wa kahawia naona sita. Nataka jina la rangi yake."

Wasukuma wenzangu mnajua, kila rangi na kila baka lina jina lake. Kwangu yote yalikuwa yamefutika.

Badala ya kukiri, nikatoa lecture. Watu wa Denmark na Sweden husema ko, Mjerumani Kuh, Mholanzi koe, Mwingereza cow. Neno moja la kale la mababu zao wa kaskazini! Walipotawanyika walikwenda nalo. Wengine walivuka nalo bahari hadi Uingereza, na baadaye Makaburu wakalishusha hadi Afrika Kusini.

Wazee wakasikiliza vizuri tu. Kisha Masanja akauliza, "Na huyu wa tumbo jeupe akipotea, huko wanamtafuta kwa jina gani?"

"Kwa namba ya sikioni."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye samadi.

"Kijana, ng'ombe wako huwajui, mke utamjua?"

Wakaondoka bila kuchagua hata ndama.

Mimi, na diploma yangu! Nikavua viatu vya Ulaya, nikachunga masika yote. Mama ndiye aliyenifundisha huku akikamua. "Huyu? Rudia. Umekosea, msomi." Nikikosea sipewi maziwa. Jamani, maziwa yale ya moto yenye povu, sijayaonja tena popote.

Masika yalipokwisha nikawaita tena wazee. Walipokuja mara ya pili nilianza kuwataja ng'ombe kwa majina ya rangi zao kuanzia mlangoni, mmoja mmoja. Nilipofika katikati, Mzee akaweka fimbo kwapani.

"Inatosha. Sasa umerudi kutoka Ulaya."

Binti yake ndiye mama wa watoto wangu. Watoto wenyewe wako Rwamgasa kwenye dhahabu, na zizi lile sasa ni shamba la mahindi.

Nilichojifunza: neno linaishi pale unapomwita mnyama naye akageuka. Kulijua kwenye daftari ni nusu ya safari.

Kwenu rangi za ng'ombe mnaziitaje? Ziandikeni hapa chini, wakuu, kabla hatujafa nazo.