Unga wa Mwamini Chini ya Msolo

Serikali haina dini. Wenye dini ni wananchi, kila mtu na yake moja. Kauli hiyo ilirudiwa kwenye kila mkutano wa hadhara huku Ruangwa, baada ya dua ya shehe na sala ya katekista, na haikuwahi kupata mpinzani.

Bibi Mwamini wa Likunja, mkulima wa ufuta, alikuwa Mwislamu tangu tumboni. Ila marehemu mama yake alikuwa akimjia ndotoni. Alikaa tu kando ya shamba lililochanua, akipepeta ungo mtupu. Basi kila alipomwota, alfajiri Mwamini alichukua unga wa mtama, akaenda kwenye msolo, mti wa matambiko, akaumwaga taratibu shinani mpaka ukasimama kama kichuguu cheupe, akaufunika kwa chungu. Akikuta kesho yake ncha haijaporomoka, wahenga wamekubali: safari ni njema na mgonjwa atapona. Ukungu ukiwa bado chini, bibi, mti na unga vilionekana kama kitu kimoja ambacho hakijaamua kiwe nini.

Mwaka 2004 imamu mpya, Huzaifa, kijana aliyesomea mjini, alikiamulia. Hiyo ni dini ya pili, alisema, na mwenye dini mbili akifa msikiti hautamswalia. Mwamini alikuwa na kifua kibovu na umri mkubwa. Kwake suala hilo halikuwa la nadharia.

Nadharia ilikuja kwa pikipiki kutoka Nachingwea. Silvanus, mtoto wa mwalimu mmoja wa huko, alikuwa chuo kikuu akisomea dini kwa uhakiki wa kisasa, ule usiouliza kama Mungu yupo, bali nani kapewa mamlaka ya kuita jambo hili dini na lile mila. Alifikia kwa Mwamini ili aandike habari za unga wake, akachinjiwa jogoo.

"Andika mila, mjukuu wangu," bibi akamsihi. "Mila haina kesi."

"Bibi, hata mila ni jina walilobuni watawala."

"Walifanya vizuri. Liandike."

Ijumaa, baada ya swala, wazee walimwita msomi barazani pa msikiti awasaidie kukata shauri. Alieleza habari za wakoloni, wamisionari, na mafungu waliyowapanga watu. Alieleza mpaka kivuli kikahama na mzee Adinani akaanza kukoroma.

"Kwa kifupi, ndugu," Huzaifa akamkatiza. "Unga ule ni dini au si dini?"

"Kwa kifupi, shehe, hakuna kitu kinachoitwa dini."

Baraza likanyamaza. Ukimya ule ndio uliomwamsha Adinani.

Mwamini, aliyekaa upande wa wanawake, akajitanda vizuri ushungi wake. "Kama hakipo, shehe, basi mie nimemwaga unga tu. Kumwaga unga nako ni dini?"

"Ni uchoyo!" Adinani akadakia. "Ungetusongea ugali!"

Watu wakacheka mpaka Huzaifa akainua mkono.

"Ni israfu," akasema hatimaye. "Ubadhirifu wa chakula. Apunguze kipimo."

Kwa israfu mtu hanyimwi swala ya jeneza. Mwamini alirudi nyumbani akitembea polepole, kama anayeota, akapunguza kipimo.

Mwaka uliofuata mashine ya kuchimba kisima cha kijiji ilikwama kwenye mwamba, ikahamishwa, ikakwama tena. Jioni yake gari lenye namba za Serikali lilisimama mbele ya nyumba ya Mwamini. Unga walikuja nao.