Mfuniko wa Samaki wa Nkambo

Mwezi uliopita fundi alikuja kubadilisha wavu wa mbu kwenye dirisha la jiko langu. Alipoanza kukata waya kwa mkasi, krr, krr, krr, niliacha kumenya vitunguu, machozi yakanishuka. Fundi akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, ni vitunguu tu. Lakini wewe nitakuambia ukweli, rafiki yangu. Wakati ule nilikuwa nimerudi Likasi, kule Kongo, nina miaka tisa, nimepiga magoti nyuma ya kabati la mama, ninaiba.

Tuliishi kwenye kampi ya wafanyakazi wa shaba, nyumba za matofali zilizofanana kama mapacha, kila moja na kibaraza chake nyuma na matuta yake ya lengalenga, mchicha wetu. Baba alikuwa fundi wa mitambo. Siku zetu ziliendeshwa na king'ora cha kiwanda. Kikilia asubuhi, baiskeli ya baba ilikuwa imeshatoka. Kikilia mchana, mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, ili baba aukute una moto. Upepo ukigeuka, moshi wa kiwandani ulikwaruza koo na sote tulikimbilia kuanua nguo kwenye kamba. Shuleni tulimwimbia na kumchezea Rais kabla ya kufungua daftari, na sitakudanganya, nyimbo zile tulizipenda. Tulikuwa watoto, na wimbo ni wimbo.

Nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba, aliletwa kwetu kiangazi kile babu alipofariki. Babu alikuwa mvuvi wa mto Lufira, na Nkambo alikuwa amezeeka kando ya maji, akibanika samaki juu ya moshi na kuwapanga kwenye vikapu. Alishuka kwenye lori na furushi moja na mkeka. Akapewa chumba kidogo cha upande wa barabara. Alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa vilevile.

Mama alisimama mlangoni, magoti yamekunjwa kidogo kwa heshima, akauliza kama amepika vibaya.

"Chakula iko muzuri, mwanangu," Nkambo akajibu. "Njo koo inakataa."

Mama alirudi jikoni. Alikuwa mtoto wa Kikula, mtaa wa soko hapo mjini, alikulia sokoni, akijishonea riziki kwa cherehani yake, na hakuna mteja aliyemtisha. Lakini mama mkwe alimwogopa. Katika miezi ile hakuvuka kizingiti cha chumba kile hata mara moja. Aliongea kutoka mlangoni, akajibiwa kutoka mkekani, basi.

Baba ndiye aliyepata wazo. Mhandisi mmoja Mzungu alikuwa anarudi kwao, akagawa vitu vyake, na baba akaomba kile ambacho hakuna mwingine aliyekitaka: tangi la kioo la kufugia samaki, limepasuka kona moja. Akaziba ufa kwa lami. Siku yake ya mapumziko alipanda baiskeli akaelekea njia ya Mulungwishi, kwenye mabwawa ya watu wanaofuga samaki, akarudi jua limeinama, suruali imelowa, ndoo imefungwa nyuma kwa kitambaa kibichi. Ndani kulikuwa na maji ya bwawa na tilapia sita, urefu wa kidole.

Tangi likawekwa chini ya dirisha la Nkambo. Alitumbukiza mkono mpaka kiwiko, akautoa, akaunusa.

"Eeh," akasema. "Hii sasa njo mayi. Ile ya mu bomba ilikuwa bure."

Siku ile alimaliza bukari yake na kuomba mboga tena.

Tangu hapo nilikuwa nikitoka shule naenda moja kwa moja chumbani kwake. Tulipondaponda mabaki ya bukari tukayarusha majini. Aliongea na samaki kwa Kisanga, lugha ya kwao, akiwagombeza kama wajukuu. Aliniambia jinsi babu alivyojua kwa kunusa tu kama mto umejaa. Nilikaa nimeegemea bega lake na kusikia harufu ya moshi ambayo sabuni ya kampi haikuweza kuitoa.

Kisha samaki wakaanza kuruka. Asubuhi moja tulimkuta mmoja kwenye sementi, amekauka, siafu wamemzunguka. Nkambo hakutaka apikwe. Alimzika kati ya lengalenga. Baba akaleta ubao akafunika tangi kabla ya kwenda kazini, na niliporudi shule nilikuta ubao uko sakafuni na Nkambo ameketi kando ya tangi.

"Usifunike vile," akamwambia baba jioni. "Ilikuwa giza mule ndani. Njo vile balifunika bwana yangu."

Baba akainamisha kichwa. Alisema kinachotakiwa ni wavu wa waya, unaopitisha hewa na mwanga. Waya wa namna hiyo ulijaa kwenye stoo ya kiwanda, mabunda kwa mabunda, lakini baba hakuwa mtu wa kufungia kitu ndani ya shati. Wengine walifanya hivyo, na hakuna aliyewashangaa tena. Yeye alikuwa na neno lake moja: "Kitu ya kazi inatoka na karatasi, ao haitoke." Akaomba karatasi. Karatasi ikakaa ofisini. Samaki wa pili akaruka, kisha wa tatu. Halafu baba akatumwa Kambove wiki nzima kutengeneza mashine.

Jumatatu ile nilimkuta Nkambo anafunga furushi.

"Nkambo, unaenda wapi?"

"Nangojea tu hawa samaki batatu bamalizike. Kisha minarudia ku mayi yangu."

Nilijua kule hakukuwa na mtu. Nyumba yao ilikuwa imeanguka, baba mwenyewe alisema. Sikulala vizuri, na kesho yake mama alipokwenda Kikula kununua uzi, nilichukua mkasi wake wa kushonea.

Kwenye kibaraza cha nyuma mama alikuwa na gadimanje, lile kabati la chakula lenye kuta za wavu ili nzi wasiingie, na miguu yake minne imesimama kwenye makopo ya maji kuzuia sisimizi. Alilinunua kwa pesa za cherehani kabla hajaolewa. Kila Jumamosi alilisugua mpaka linang'aa. Nililivuta kidogo, nikaingia upande wa nyuma, ule unaotazama ukuta, nikakata. Waya ulikuwa mgumu kuliko nilivyodhani. Mkasi ulilia, vidole vikaniuma, na nilipomaliza nikaona makali ya mkasi yamepata pengo.

Nilipima tangi kwa kamba ya katani. Nilivunja sanduku la sabuni nikapata vijiti vinne, nikanyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe, nikagongelea wavu. Mfuniko ulipepesuka kama kiti kibovu. Isitoshe, nilikuwa nimepima ndani badala ya nje, kwa hiyo upande mmoja ukabaki mwanya wa vidole viwili, nikauziba kwa gunzi la mahindi. Ncha za waya zilitokeza pande zote. Nkambo alipoupokea zilimchoma, damu ikatoka.

"Waya umetoa wapi?"

"Nimeokota."

Alinitazama, akanyonya kidole chake, akauweka mfuniko juu ya tangi. Siku ile na kesho yake samaki walirukia wavu na kurudi majini. Hakuna aliyekufa. Furushi lilikuwa bado limefungwa, lakini alilisogeza pembeni.

Ijumaa mama alinunua nyama ya ng'ombe, kitu ambacho hatukukiona mara nyingi, akaikaanga na vitunguu kumngojea baba arudi Jumamosi. Akaifungia kwenye gadimanje. Asubuhi tulisikia ukelele wake. Sufuria ilikuwa imepinduka, na paka wa jirani alikuwa juu ya ukuta anajilamba masharubu. Mama akavuta kabati, akaona shimo. Akaenda kuchukua mkasi, akaona pengo. Aliponigeukia, nilikuwa nimeshikilia mlango.

Nkambo akatokea kibarazani, polepole, anashika ukuta.

"Mwanangu, leka mutoto. Njo miye nalikata."

Mama alimtazama. Mikono ya Nkambo ilikuwa imevimba viungo. Hata uzi alikuwa ananiomba mimi nimkatie. Mafuta yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye sufuria.

"Aksanti kunijulisha, mama," mama akasema. Akachukua kitambaa akaanza kufuta sakafu.

Nilivumilia mpaka mchana. Nilimfuata kwenye lengalenga, na nilipofungua mdomo kilio kikatangulia maneno. "Nkambo alidanganya. Ni miye."

"Najua," mama akasema, anaendelea kuchuma.

"Juu ya nini haukusema?"

"Mutu akibeba muzigo ya mutoto wako mbele yako, unamushukuru. Haumubishie." Akaweka majani kwenye beseni. "Lakini weye ulinikatia kitu yangu bila kuniomba. Ungeniomba."

"Ungenikatalia."

Alifikiri. "Ndiyo," akasema. "Ningekukatalia." Na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyejigonga mahali.

Alinawa mikono, akajitwika cherehani kichwani, akaenda nayo mpaka mlango wa Nkambo. Akasimama pale alipozoea kusimama. Kisha akavuka, akaiweka sakafuni, akakaa mkekani.

"Mama, tuonyeshe hii mufuniko. Mutoto amefanya kazi, lakini hajuwe kupima."

Waliubomoa wote wawili. Mama akatoa wavu wote uliobaki nyuma ya gadimanje, akasema kitu kikishatoboka kipewe kazi nyingine. Akapinda kingo za waya ndani ya vipande vya kitenge, ili zisimchome mtu tena, na Nkambo akashika upande wa pili wakati sindano inapita. Sindano mbili zilivunjika. Ya pili ilipovunjika Nkambo alisema neno moja la wavuvi ambalo sikuwa nimelisikia kabla, na mama akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilinyoosha misumari. Mfuniko ule ukakaa sawasawa juu ya tangi, kingo zake za njano na buluu. Nyuma ya gadimanje tukagongelea mbao za sanduku la sabuni. Jioni ile walikula kwenye sahani moja.

Baba alirudi usiku ule ule, akaona mfuniko, akaona na mbao. Akauliza kumetokea nini. Mimi na Nkambo tuliangalia chini.

"Ni paka ya jirani," mama akasema, anamwagia maji ya kunawa. "Ilipasua waya, ikakula nyama yako. Nikasema basi, waya yenye kubakia tufunikie samaki."

Nilielewa baadaye kwa nini. Angemwambia ukweli, baba angejilaumu kwa yale mabunda yaliyojaa stoo na kwa mikono yake iliyorudi mitupu.

Nkambo alikaa nasi miaka saba. Samaki walikua, tukawarudisha bwawani, tukaleta wengine. Alifia katika chumba kile, mama ndiye aliyemwosha. Kisha king'ora kikaanza kulia siku moja moja, mishahara ikachelewa, mwisho kikanyamaza kabisa, na tukatawanyika kama nyumba nyingi za kampi. Tangi lilipasuka wakati wa kuhama. Sijui gadimanje lilibaki kwa nani.

Baba aliishi mpaka uzee, na kila alipopata wageni aliwasimulia juu ya paka wa Likasi aliyepasua waya wa chuma kwa kucha. Wageni walibisha, naye aliapa, akamwita mama ashuhudie. Mama alikuwa anasema, "Ni kweli, nilimuona," uso wake mkavu kabisa. Baba alizikwa akimwamini paka yule. Nkambo alitangulia, na mama amefuata. Tuliokuwa tunajua tulikuwa watatu, nikabaki mimi, na leo nimekuambia wewe.